Dawa za kupunguza kiu ya pombe zinavyojaribiwa: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi ni mfamasia. Tangu watu waanze kusikia kwamba sindano za kupunguza unene zinakata na hamu ya pombe, sipiti wiki bila kuulizwa. Wengine wanapiga simu, wengine wanaandika WhatsApp usiku wa manane, na wengine wananong'ona mlangoni wakiwa wameshaaga. Nimeyaandika maswali yao yalivyokuja, na majibu yake.

Hiyo "kiu ya pombe" ni kitu gani? Si tamaa tu ya mtu?

Neno lenyewe ndilo mtihani wa kwanza. "Tamaa" kwetu ni doa la tabia. Ukimwuliza mtu kuhusu tamaa yake ataanza kujitetea badala ya kujibu. "Hamu" nayo ni nyepesi mno, maana hata pilau ina hamu yake. Wanaokunywa kila siku husema kiu, na vijana wameazima "arosto" kutoka kwa watumiaji wa unga, ingawa arosto hasa ni yale maumivu ya kukosa.

Kitaalamu ni msukumo wa kutaka kunywa unaokuja hata pale mtu alipokwisha kuamua kuacha. Unaamshwa na vitu vidogo: mlio wa kizibo, saa kumi na moja jioni, harufu ya nyama choma, siku ya mshahara. Marehemu mjomba wangu alikunywa gongo miaka mingi. Nilipomwuliza kama huwa anaiwaza, alinijibu: "Siiwazi, mwanangu. Miguu inajua njia." Kumbuka jibu hilo, tutalirudia.

Sasa kitu kisichoonekana kinapimwaje?

Kwa njia kadhaa, na hakuna moja inayotosha peke yake.

Ya kwanza ni dodoso. Linalotumika sana lilitoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na lina maswali 5 kuhusu wiki iliyopita: umeiwaza pombe mara ngapi, msukumo ulikuwa na nguvu kiasi gani, ulidumu muda gani, ingekuwa vigumu kiasi gani kukataa kama pombe ingekuwa mbele yako, na kwa ujumla hali ilikuwaje. Kila swali lina alama 0 hadi 6, kwa hiyo kilele ni 30. Mjomba angepata sifuri kwenye swali la kwanza, na jioni hiyo hiyo ungemkuta kilabuni. Ndiyo maana kutafsiri dodoso si kubadilisha maneno tu. Lazima ukae na wanywaji wenyewe uwasikie wanavyojieleza.

Ya pili ni kuiamsha kiu makusudi. Kwenye hospitali ya utafiti ya taasisi za afya za Marekani, Bethesda, kuna chumba kilichotengenezwa kama baa, chenye kaunta na chupa. Mshiriki huketishwa pale, huonyeshwa na kunusishwa kinywaji anachokipenda, huku mapigo ya moyo yakipimwa na yeye akieleza msukumo umefika wapi. Kwingine humlaza kwenye mashine ya MRI na kumwonyesha picha za pombe, ili waone ni sehemu gani ya ubongo inayochangamka.

Ya tatu ni kuhesabu alichokunywa kweli. Mtafiti na mshiriki hukaa na kalenda, wakarudi nyuma siku moja moja. Jumamosi ile ya harusi ilikuwaje? Siku ya msiba je? Siku ya mechi? Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu kwetu. Kwa Wamarekani, kinywaji kimoja kina gramu 14 za pombe halisi, na siku ya kunywa kupindukia ni ile ambayo mwanamume amefikisha vinywaji 5 au mwanamke 4. Bia ya chupa na toti ya konyagi zinahesabika. Lakini wazee waliouzunguka mtungi wa busaa, kila mmoja na mrija wake mrefu, nani amekunywa gramu ngapi? Mbege ya leo na ya keshokutwa nguvu zake si sawa, na gongo inategemea aliyeipika.

Kwa sababu hiyo siku hizi wanaongeza kipimo cha damu kiitwacho PEth. Hiki hutafuta kitu kinachojitengeneza mwilini pale tu mtu anapokunywa, nacho hubaki kwenye damu wiki mbili hadi nne. Hakijali kama ulikunywa kwa mrija au kwa kata.

Dawa za namna hii si mpya? Babu yangu alikuwa akizungumzia kidonge cha kutapisha.

Babu alikuwa akizungumzia disulfiramu, inayojulikana kwa jina la biashara la Antabuse. Miaka ya 1940 watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, walikuwa wakiichunguza kama dawa ya minyoo. Waliimeza wenyewe, kisha walipokunywa pombe wakaugua. Marekani iliiruhusu mwaka 1951. Ila elewa inavyofanya kazi: inazuia ini kumalizia kuivunja pombe, sumu iitwayo asetaldehaidi inajaa mwilini, uso unawaka, moyo unakwenda mbio, mtu anatapika. Kiu inabaki palepale. Kilichoongezeka ni hofu.

Dawa zinazoigusa kiu yenyewe zilikuja baadaye. Akamprosati ilianza Ufaransa mwaka 1989, na hutuliza ubongo uliozoea pombe na sasa unahangaika bila hiyo. Naltreksoni ilikuwa dawa ya waraibu wa heroini, na Marekani ikairuhusu kwa pombe mwaka 1994. Pombe ikiingia, ubongo humwaga kemikali zake za raha, nazo hutafuta mahali pa kukaa. Naltreksoni imeshawahi siti na haishuki. Unakunywa, lakini ule utamu haufiki.

Jaribio moja lililoifungulia njia lilifanyika Philadelphia, likachapishwa mwaka 1992. Lilikuwa na maveterani wanaume 70 kwa wiki 12. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, 54 kati ya kila 100 walirudia ulevi. Waliopewa naltreksoni walikuwa 23 tu. Lakini kinachonivutia zaidi kiko ndani yake. Miongoni mwa walioonja pombe katika wiki zile, karibu wote wa kidonge kitupu, asilimia 95, waliteleza moja kwa moja. Wa naltreksoni waliteleza nusu tu. Kwa hiyo kazi kubwa ya dawa haikuwa kuizuia glasi ya kwanza. Ilikuwa kuifanya ya kwanza isiite ya tano.

Basi zinaponya?

Hapana, na anayekuambia zinaponya anataka pesa yako. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2023, yaliyojumlisha majaribio 118 na washiriki karibu 21,000, yalionyesha kwamba watu 11 wakitumia akamprosati, mmoja zaidi ataepuka kurudia pombe hata tone kuliko kama wasingetumia. Naltreksoni ya miligramu 50 kwa siku nayo ni watu 11 kwa mmoja atakayeepuka kurudia kunywa kupindukia. Ukiwa wewe ndiye huyo mmoja, au mkeo, hesabu hiyo si ndogo. Dawa nyingi za presha tunazogawa bila kusita zina hesabu mbaya kuliko hiyo.

Kwa nini wengine wapewe kidonge kitupu? Si kuwadhulumu?

Swali zuri, na kwa upande wa pombe jibu lake lina uzito kuliko kwenye majaribio ya dawa za malaria. Mtu anayejiunga na jaribio tayari amefanya uamuzi. Anaitwa kliniki kila wiki, anapimwa, anaulizwa hali yake na mtu asiyemsuta. Hilo peke yake hupunguza unywaji, wakati mwingine kwa kiasi kikubwa. Bila kundi la kulinganisha, sifa zote zingekwenda kwa kidonge.

Jaribio kubwa la Marekani lililoitwa COMBINE, lililotolewa mwaka 2006 likiwa na washiriki 1,383, lilionyesha hivyo hasa: hata waliomeza vidonge vitupu walipunguza pombe walipokuwa wakionana na mhudumu mara kwa mara. Naltreksoni iliongeza faida juu ya hapo. Akamprosati, iliyofanya vizuri Ulaya, safari hii haikuonyesha kitu. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba kwenye majaribio mengi ya Ulaya watu walianza dawa wakiwa wameshakaa muda bila kunywa. Dawa ni ileile, mlango wa kuingilia ndio tofauti.

Na si dhuluma ikiwa umeambiwa mapema. Fomu ya ridhaa lazima iseme wazi kwamba huenda ukapata kisicho na dawa, na kwamba wewe wala daktari anayekuhudumia hamtajua ni kipi mpaka mwisho.

Hii sindano ya Ozempic, kweli inakata pombe?

Hili ndilo linaloongoza. Kwa kifupi: kuna dalili nzuri, uthibitisho bado.

Waliokuwa wakitumia semaglutaidi, dawa iliyomo ndani ya Ozempic, kwa kisukari au unene walianza kusema wenyewe kwamba bia imewakinai. Ikabidi ipimwe. Matokeo ya jaribio la kwanza la kutumia sindano tupu (isiyo na dawa) kama kilinganishi yalitoka Februari 2025, kutoka Chuo Kikuu cha North Carolina na wenzao. Watu 48, wiki 9, dozi ndogo. Kabla na baada, kila mshiriki aliwekwa kwenye chumba cha starehe na kinywaji anachokipenda, wakapima amekunywa kiasi gani. Waliochomwa semaglutaidi walikunywa kidogo zaidi, na kiu yao ya kila wiki ikashuka. Idadi ya siku za kunywa haikupungua. Walikwenda baa siku zilezile, ila glasi zilikuwa chache. Unaona inavyofanana na wale maveterani?

Kuna mambo mawili ambayo vichwa vya habari huyaruka. Washiriki hao hawakuwa wanatafuta matibabu ya pombe, na maadili ndiyo yanayodai hivyo, kwa sababu huwezi kumwekea pombe mezani mtu aliyekuja kwako akilia anataka kuacha. Kwa hiyo hatujui bado itafanya nini kwa aliyezama kabisa. Pili, Denmark walishajaribu ndugu yake, eksenataidi, kwa wagonjwa 127 na wiki 26, wakatoa matokeo mwaka 2022. Kwa jumla haikuishinda sindano tupu. Wanene walinufaika, wembamba hapana.

Hapo ndipo ninaposita. Mnywaji wa gongo ninayemfahamu mimi hali kwa siku mbili na suruali ameifunga kwa kamba. Kumchoma dawa inayoua hamu ya chakula kunahitaji jaribio lake, si kuigiza la North Carolina. Na kama unataka kuagiza mtandaoni, jua kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Juni 2024 kuhusu semaglutaidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani.

Dawa ikifanya kazi kwa panya, si itafanya kwa binadamu?

Ingekuwa hivyo tungeshamaliza. Miaka ya nyuma kulikuwa na matumaini makubwa juu ya dawa za kuzuia homoni ya msongo wa mawazo kwenye ubongo. Panya waliozoeshwa pombe waliacha kuikimbilia wakisumbuliwa. Watafiti wa Bethesda wakazijaribu mbili kwa binadamu, peksaserfonti na veruserfonti. Kiu haikushuka. Panya hana deni la dukani wala mke aliyeondoka.

Naweza kumwekea mume wangu kwenye chai bila yeye kujua?

Dada yangu, usifanye. Naelewa umechoka. Lakini kama ni disulfiramu na yeye akatoka kwenda kunywa, presha inaweza kushuka ghafla na moyo ukasimama. Hatari hiyo inabaki hadi wiki mbili baada ya dozi ya mwisho. Kama ni unga usio na jina uliouziwa stendi, hakuna hata anayejua umempa nini. Hakuna jaribio halali duniani linalompa mtu dawa kwa siri, na aliyekushauri hivyo asikuite mteja tena.

Na miti shamba yetu?

Inaweza kupimwa kama dawa nyingine yoyote. Mfano ninaoupenda ni wa hospitali ya McLean, karibu na Boston, mwaka 2005. Walichukua mmea wa Kichina uitwao kudzu, wakawapa watu 14 dondoo lake au vidonge vitupu kwa wiki moja, kisha wakawakaribisha kwenye chumba kilichopangwa kama sebule: viti, televisheni na friji yenye bia. Chini ya meza ya kuwekea glasi walificha mizani, ikawa inarekodi kila funda. Waliotumia kudzu walikunywa bia karibu nusu ya kawaida yao, na kwa mafunda madogo. Jaribio lilikuwa dogo, halitoshi kuandika dawa. Lakini mganga anayesema mzizi wake unakata kiu hana sababu ya kuogopa mizani.

Huku kwetu kuna majaribio?

Ya dawa za kiu ni machache, mengi yako Marekani na Ulaya. Ila tusijidharau. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 10 na linalotumika dunia nzima kumtambua mnywaji aliye hatarini, lilitengenezwa kwa data za nchi 6, na Kenya ilikuwa mojawapo. Moshi, hospitali ya KCMC, kuna utafiti unaoitwa Punguza Pombe kwa Afya Yako: muuguzi anazungumza na majeruhi aliyeletwa idara ya dharura, palepale ajali ikiwa bado mbichi, halafu ujumbe wa simu unafuata. Si dawa, lakini ndiyo msingi ambao dawa ingewekwa juu yake.

Kinachoniuma ni kingine. Julai 2023 akamprosati na naltreksoni ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hizi zimeshajaribiwa kwa miongo, na hataza zake (haki ya kampuni moja kuzitengeneza peke yake) zimekwisha zamani. Ingia maduka ya dawa ya mtaani kwako uulize. Tunasubiri mpya kwa hamu huku za zamani hatujazigusa.

Nitajuaje kama jaribio ni halali?

Uliza namba ya usajili, kwa mfano kwenye rejista ya majaribio ya Afrika iitwayo PACTR. Tanzania Bara lazima liwe na kibali cha maadili kutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na cha dawa kutoka TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Kenya ni kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na idhini ya bodi ya dawa, PPB. Uliza pia bima ya washiriki. Ukiambiwa ulipie, ondoka. Nauli unarudishiwa wewe, hawalipwi wao.

Nani hakubaliwi?

Mara nyingi mjamzito, mwenye ini lililoharibika sana (au figo, kama ni akamprosati), na anayetumia metadoni (dawa wanayopewa waraibu wa heroini), mofini au tramadoli kama inajaribiwa naltreksoni. Hili la mwisho litajwe wazi hata usipoulizwa: mtu wa kliniki ya metadoni akimeza naltreksoni, arosto inamshukia ndani ya dakika chache, tena mbaya.

Niache pombe kwanza ndipo niende?

Usiache ghafla peke yako kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue. Mwili wa namna hiyo ukikatiwa pombe unaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kifo. Nenda hospitali, watakushusha taratibu kwa dawa kama diazepamu pamoja na vitamini B1. Dawa za kiu huja baada ya hapo. Hazizuii degedege.

Jaribio likiisha, nitaendelea kuipata dawa?

Si lazima. Uliza kabla ya kusaini, siyo wiki ya mwisho.

Nikinywa nikiwa ndani ya jaribio, nitafukuzwa?

Kwa kawaida hapana. Kunywa kwako ni data. Wakikufukuza, wanabaki na watakatifu tu, na matokeo hayamsaidii mtu.

Nikisahau kumeza vidonge, niseme?

Sema, na chupa uirudishe na vidonge vilivyobaki, usivimwage chooni ili uonekane mwema. Kuna majaribio ya naltreksoni yaliyochanganya vitamini B2 ndani ya kidonge. Unatoa mkojo, wanaumulika kwa taa maalumu, na kama ulimeza unang'aa kijani-manjano. Usipong'aa, wanajua kabla hujaketi.